Kula taco ukiwa umesimama

Msomaji, iwapo safari itakufikisha Mexico City na mfuko umetoboka, achana na mahoteli makubwa. Tafuta taqueria, kibanda cha taco (jina hilo usilitaje mbele ya mamamkwe). Utakula wima, ndimu na pilipili ukijitilia mwenyewe. Wala usidhani cha bei nafuu ni duni: mwaka 2024 El Califa de León, kibanda cha tangu 1968, kilitunukiwa nyota ya Michelin, heshima iliyozoeleka kwa mikahawa ya kifahari.

Lakini hebu itazame ile chapati ndogo, tortilla. Ni ya mahindi, ila si kama unga wetu wa ugali. Mahindi huchemshwa katika maji ya chokaa, yakalazwa humo usiku kucha, yakaoshwa, ndipo yakasagwa. Chokaa hufungua niasini, vitamini ambayo mwili huipata kwa shida katika mahindi ya kawaida. Wazungu walichukua mahindi kwao wakauacha ujuzi huo. Maskini waliokula mahindi matupu wakaugua pelagra, na wengi wakafa.

Nyama je? Al pastor ni nguruwe, huchomwa kwa mtindo wa shawarma uliopelekwa huko na wahamiaji kutoka Lebanon. Usiyekula nguruwe, agiza bistec, ya ng'ombe.