Kabla Hujaiwasha, Lala Chini Uitazame

Msimu wa wageni ukifika Diani, utaziona zikipita kwa msururu zikielekea njia za mashambani, na kila aliyepanda amegeuka mwekundu kwa vumbi. Ni pikipiki za magurudumu manne, kwodi kwa jina la mkato. Mimi huwaza zaidi zitakakoishia. Chombo cha kutembeza wageni kikichoka hutafutiwa mnunuzi, na mnunuzi huyo aweza kuwa mwenye minazi wa Msambweni, mkulima wa biksa wa Mkongani au mfugaji wa Kinango. Anataka kitu cha kumbebea mizigo siku za kazi na kumtembeza vichakani Jumapili. Haja hiyo naielewa vizuri, maana kuna mashamba huku ambayo mvua za masika zikishakolea hata pikipiki ya kawaida haifiki.

Shida ni kwamba tunanunua kwa masikio. Muuzaji anaiwasha, injini inanguruma, pesa zinatoka. Ilhali injini ndiyo sehemu inayonipa wasiwasi mdogo kuliko zote. Ringi hubadilishwa, silinda huchongwa, vali husagwa zikakaa sawa. Fremu iliyoliwa na chumvi, fundi atakuchomelea leo hapa, mwezi ujao ikatike pale.

Chumvi ya pwani haihitaji chombo kiingie baharini. Kusi ikivuma huileta nchi kavu kama ukungu, na kwa kuwa chumvi hunyonya unyevu wa hewani, chuma huendelea kulika hata kikiwa kimeegeshwa kibandani. Fremu ya kwodi ni mabomba matupu. Maji ya chumvi na mchanga mwembamba wa matumbawe huingia kupitia tundu za bolti, vikakaa humo, na kutu huanza ndani ikitembea kuja nje. Siku utakapoiona juu ya rangi, kazi ilishakwisha zamani.

Kwa hiyo njoo na tochi na bisibisi, utandike gunia, ulale chini. Gonga bomba za chini kwa mpini wa bisibisi, hatua kwa hatua. Chuma kizima hutoa mlio mkali. Kilichokonda hutoa mlio butu, na ncha ya bisibisi ikikandamizwa hapo inaweza kuzama. Kagua zaidi chini ya mahali pa kuwekea miguu, kwenye kikalio cha betri, na pale mikono ya magurudumu inaposhikana na fremu. Ukikuta rangi nyeusi mpya chini tu huku juu rangi ni ya zamani, uliza kwa nini imepakwa. Jaribu pia kulegeza bolti moja au mbili za mikono hiyo. Zikiwa zimegandana na bushi zake, siku ya matengenezo zitakatwa kwa moto, na gharama hiyo ni yako.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa muuzaji huwa, chombo hiki kililala wapi? Kwodi iliyokwaruzwa na miiba ya Kinango, viti vimechanika na taa moja haipo, naweza kuichukua mbele ya ile inayong'aa iliyofanya kazi miaka yote ufuoni Galu.

Halafu jua unanunua aina gani. Kwodi nyingi ndogo za starehe huendeshwa kwa mnyororo, magurudumu ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja isiyo na difu. Ukikata kona, magurudumu yote mawili yanazunguka kwa kasi ileile, hivyo chombo kinataka kwenda mbele tu mpaka uhamishe uzito wa mwili. Aliyezoea bodaboda hushtuka, naye akishtuka huzidisha mafuta kwa kidole gumba. Kwodi ya kazi ni nyingine: ina shafti mahali pa mnyororo, keria mbele na nyuma, gia nzito ya kupandia mlima, na mara nyingi nguvu hufika magurudumu yote manne. Usikubali kuuziwa ya kwanza kwa bei ya ya pili kwa sababu tu imefungwa keria ya kuchomelea.

Sasa injini. Ishike kwa mkono kabla ya yote; ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha kabla hujafika, na kilichokuwa kigumu asubuhi hutakiona. Subiri ipoe, hata kama ni kunywa chai mara mbili. Moshi wa buluu maana yake inakula oili. Mweupe usiokwisha, kwa injini ya kupozwa kwa maji, maana yake huenda maji yanapenya ndani. Mweusi mara nyingi ni kabureta au chujio la hewa, jambo dogo. Kipimo ninachokiamini kuliko moshi hakigharimu kitu: fungua chujio la hewa, pitisha kidole ndani ya mpira unaoelekea kwenye injini, upande wa baada ya chujio. Kidole kikitoka na vumbi jekundu, injini hiyo imekuwa ikimeza mchanga, na mchanga husaga silinda kama msasa. Ukimleta fundi mwenye geji ya kupimia mgandamizo, mwambie aangalie kwanza kama injini ina kifaa cha kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha. Zinazo nyingi, na namba ndogo kwenye geji inaweza kumfanya aihukumu injini nzima kuwa imekufa.

Oili ichunguzwe ya injini na ya difu pia. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Difu hupumua kwa mrija mwembamba. Chombo kikitoka kazini cha moto kikatumbukia kwenye maji ya mto, hewa ya ndani hupoa na kusinyaa ghafla, na mrija ukiwa umeziba au umechomoka, difu huvuta maji kupitia sili zake. Anayevuka Ramisi kila siku ataliona hilo mapema.

Inua mbele kwa jeki. Shika gurudumu juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Mchezo wa kwanza ni beringi au viungo vya mikono, wa pili ni viungo vya usukani. Tazama mipira inayofunika viungo vya shafti. Ikipasuka, mchanga huingia kwenye grisi na kiungo hakina siku nyingi.

Jaribio la mwisho ni mteremko, na huku kwetu vilima vya Shimba havituachi tuukose. Teremka polepole kwa gia nzito, achia mafuta kabisa. Injini yafaa ikushikilie. Baadhi ya zile za mkanda zisizo na gia za kubadilisha huachia zikatiririka zenyewe, na ukiwa na mzigo nyuma breki peke yake haitoshi.

Kuhusu mzigo, hesabu kabla ya kununua. Honda Rancher 420, ambayo ni kwodi ya kazi ya kiasi, hubeba takriban kilo 30 kwenye keria ya mbele, kilo 60 nyuma, na huvuta tela hadi kilo 385 pamoja na uzito wa tela lenyewe. Dafu moja nalikadiria kilo 2. Madafu 30 yameshajaza keria ya nyuma. Kama mzigo wako ni gunia moja na njia inapitika, pikipiki ya Boxer inakutosha, na spea zake utazipata Ukunda kabla chai haijapoa; mkanda wa kwodi huenda ukauagiza mbali.

Kinachoua kwa kwodi ni kupinduka na kumlalia mwendeshaji, nayo huwa na uzito wa mamia ya kilo. Australia, tangu Oktoba 2021, kwodi mpya ya kazi haiuzwi bila kizuizi cha kumkinga mwendeshaji inapopinduka. Kuukuu yetu haina hicho. Basi vaa helmeti, na kama kiti ni cha mtu mmoja, usimpakie mtoto hata kwa safari ya dukani.

Magurudumu yake hutaka upepo mdogo, kwa nyingi kati ya paundi 3 na 5. Wenye pancha hujaza kama bodaboda, na kwodi iliyojazwa hivyo hurukaruka na kukataa usukani. Nunua geji yako ndogo. Zile za kawaida hazisomi chini kiasi hicho. Na Jumapili ikifika, uache ufuo. Kasa hufukia mayai yake mchangani, hukaa humo kama miezi miwili, na tairi likipita juu hakuna atakayejua. Kaya nazo, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, zina wenyewe. Kaya Kinondo imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2008, na hata bila orodha hiyo si mahali pa injini. Njia za mashambani ziko tele, ukiwaomba wenye mashamba.

Likibaki la hati, rudi tena chini na tochi. Nambari ya chesisi hugongwa kwenye bomba la fremu, mara nyingi mbele kwa chini, mahali pale pale chumvi inapoanzia. Isugue kwa brashi ya waya, uilinganishe tarakimu kwa tarakimu na ile iliyo kwenye logibuku, na jina la logibuku liwe la huyo aliyesimama mbele yako. Bila usajili, lami ya Likoni hadi Lunga Lunga huruhusiwi kuigusa. Nambari isiposomeka, huna cha kuhamishia jina lako, hata kama injini imewaka mara ya kwanza.