Mwanasayansi Akishika Gitaa

James Clerk Maxwell, Mskoti aliyeunganisha umeme, sumaku na mwanga katika nadharia moja, alikuwa na kipaji kisichotajwa katika vitabu vya fizikia vya sekondari: alipiga gitaa huku akiimba vichekesho vya sayansi. Wimbo wake mmoja aliutunga kwa kuiga ule wa mshairi Robert Burns uhusuo watu wanaokutana njiani na kubusiana. Maxwell akawaondoa wapenzi, akaleta vitu viwili vigumu vinavyogongana hewani, kisha akauliza vitarukia wapi. Swali la mtihani hilo, wala si geni. Lakini aliyeujua wimbo wa asili alikuwa akingojea busu, akaletewa hesabu.

Machi 1959, katika ukumbi wa Sanders wa Chuo Kikuu cha Harvard, mwanahisabati Tom Lehrer naye aliketi kwenye piano akataja mbio mbio elementi zote 102 zilizojulikana wakati huo. Mahadhi aliyaazima kutoka opereta ya Gilbert na Sullivan ya mwaka 1879. Watu walivunjika mbavu. Leo elementi ni 118, ila upungufu mkubwa wa wimbo ule si hesabu: Lehrer alizipanga kwa vina, si kwa namba ya atomu. Msichana wa shule ya Moi Girls pale Woodley, Nairobi, anayehangaika na elementi 20 za kwanza, ataufurahia bila kujua kwa nini sodiamu na potasiamu zina tabia za kindugu.

Kukumbuka, basi, si kuelewa. Hata kukumbuka kwenyewe kuna masharti. Mwaka 1994 mtafiti Wanda Wallace alionyesha kwamba maneno yaliyoimbwa hukumbukwa kuliko yaliyosemwa, mradi mahadhi yajirudie ubeti hadi ubeti. Ukiimbwa ubeti mmoja tu, faida hiyo hutoweka. Mahadhi yakizoeleka huibana akili: silabi ni ngapi, mkazo uko wapi, neno gani litaenea. Watunzi wa tenzi, kwa mizani yao minane na vina vyao, wangemuuliza Wallace alichelewa wapi.

Kenya hatuna uhaba wa nyimbo za elimu. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, huleta kwaya za afya na mazingira. Lakini huko anayeimba ni mwanafunzi, na mara nyingi wimbo ni onyo: nawa mikono, lala ndani ya neti, panda miti. Utani haupewi kiti.

Mimi ningependa mtafiti wa malaria kutoka KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ambayo haiko mbali na Woodley, apande jukwaani mwenyewe. Mipasho anayo tayari. Mbu dume hanywi damu, hula utomvu mtamu wa maua. Anayetuuma ni jike, kwa sababu anahitaji protini ya damu ili atengeneze mayai. Ubeti wa kwanza, dume ajitetee. Wa pili, jike amjibu kwa mayai yake, 50 hadi 200 kwa mkupuo. Wa tatu, kimelea kilichodandia safari bila nauli. Kiitikio namwachia mtafiti, ila asithubutu kukipa mahadhi mageni.