Sumaku karibu na moyo

Hapa Mwadingusha tunaishi na umeme. Santrali ya mto Lufira inauzalisha tangu mwaka wa 1930. Basi mkristo aliyepandikizwa pesimeka akirudi nyumbani, jamaa watauliza kwanza kama anaweza kupita tena karibu na barage.

Anaweza. Barabarani, nje ya uzio, hakuna shida. Mfanyakazi anayeingia kwenye mashine zenyewe ndiye azungumze kwanza na daktari wake. Hatari tunayotaka kueleza ni ndogo kwa macho, nayo inaingia hata kanisani.

Pesimeka ni kimashine kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua, mara nyingi upande wa kushoto, kinachotuma umeme kidogo sana moyo ukichelewa kupiga. Ya kwanza alipandikizwa Arne Larsson huko Uswidi mwaka wa 1958. Aliishi hadi 2001, akiwa amebadilishiwa mashine zaidi ya 20. Ndani yake mna kitu kinachotii sumaku, ili daktari aipime bila kupasua. Sumaku ikikaa juu, pesimeka inaacha kusikiliza moyo, inapiga kwa mwendo mmoja tu. Kuna na mashine ya kushtua moyo uliovurugika. Hiyo, sumaku ikiwa juu yake, kwa kawaida haishtui tena, hata mwenyewe akianguka. Sumaku ikiondolewa, kazi inarudi.

Sasa tuangalie kanisa. Beji za mashemasi zinazoshikwa kwa sumaku hukaa palepale kushoto. Spika zina sumaku nzito, na vijana wa kwaya huzibeba wamezikumbatia. Simu pia: mwaka wa 2021 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba iPhone 12 ikiwekwa kifuani ilizuia mashine ya kushtua. Tena kuna bangili na mikufu ya sumaku inayosifiwa kuwa inaponya. Sisi wachungaji tusiruhusu iuzwe mlangoni petu.

Kinga ni umbali, kwa sababu nguvu ya sumaku inapungua haraka. Simu ikae angalau sentimita 15 kutoka kwenye mashine, si mfukoni mwa shati. Beji ifungwe kwa pini. Spika abebe mwingine. Kukaa benchi la mbele hakumdhuru. Anayeunga vyuma kwa umeme asirudie kazi kabla ya kumuuliza daktari. Akisikia kizunguzungu karibu na kifaa chochote, asogee mbali; kisipopita, apelekwe hospitali. Na kadi ya mashine atembee nayo, aionyeshe kabla ya picha ya IRM, na kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege wa Luano.