Chungu, Ukili na Kitabu cha Hadithi



Kila mwaka, mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba, shule zetu za Tanzania hufungwa, na watoto hurudi nyumbani na masanduku yao. Siku mbili tatu za kwanza huwa za furaha. Kisha manung'uniko huanza. Mama husema, "Mtoto huyu tangu aingie sekondari hajui hata kuinjika chungu." Baba husema, "Madaftari hayagusi; amezama katika kitabu cha hadithi." Na shule zikifunguliwa, mwalimu naye husema, "Wamerudi wamesahau yote."

Maneno haya twayasikia kila likizo, nasi twaona ya kuwa shina lake ni moja. Tumezoea kudhani kwamba elimu ni ile tu ipimwayo kwa mtihani, na kwamba kila kinginecho ni kupoteza saa. Sivyo. Mwanafunzi apikaye, asukaye, na asomaye kwa kupenda kwake mwenyewe, apata mambo ambayo shule haina nafasi ya kumpa. Na asipoyapata nyumbani, ni shida kuyapata mahali pengine.

Tuanze na jiko. Wako wanaodhani kwamba kupika ni kazi ya mtu asiyesoma, na wengine kwamba ni kazi ya wasichana peke yao. Basi na wautazame muhogo. Muhogo mchungu una sumu iitwayo sianidi. Bibi zetu hawakulijua jina hilo, lakini dawa yake waliijua: humenya, huloweka siku kadhaa, huanika hata ukakauka, ndipo hutwanga unga. Kisamvu nacho hutwangwa kwanza, kisha huchemshwa sana, wala hakiliwi kibichi.

Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, palikuwa na ukame mkali. Chakula kingine kilikosekana, watu wakabaki na muhogo mchungu karibu peke yake, na kwa njaa wakazifupisha siku za kuutayarisha. Watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo. Na miguu iliyopooza kwa konzo hairudi kuwa kama zamani. Hatusemi haya ili kuwatisha, maana muhogo uliotayarishwa vema ni chakula chema. Twasema ili ionekane kwamba maarifa ya jikoni ni maarifa kweli, na yakipunguzwa huleta kilema. Mwanafunzi asomaye kemia atalielewa somo lake vizuri zaidi akimwuliza bibi yake, "Mbona waloweka siku nyingi hivi?" Na bibi naye atafurahi kusikia kwamba kazi ya mikono yake ina jina darasani.

Tena iko faida iliyo karibu zaidi. Vijana wengi hupanga chumba mjini ili wawe karibu na shule au chuo. Asiyejua kupika hula chipsi asubuhi na jioni, na fedha aliyopewa kwa mwezi huisha kabla ya nusu ya mwezi. Ajuaye kupika huloweka maharage yake usiku, asubuhi huyachemsha kwa makaa machache, akala siku mbili. Huyu hatampigia baba yake simu ya kuomba fedha kila wiki.

Sasa tuje kwenye kazi ya mikono. Katika pwani yetu na sehemu nyingi za bara, mikeka na vikapu husukwa kwa ukindu. Majani machanga ya mkindu hukatwa kabla hayajakunjuka, huanikwa, huchanwa membamba, na mengine huchemshwa pamoja na rangi. Kisha husukwa ukili mrefu, na kili hizo hushonwa upande kwa upande hata mkeka ukatimia. Atazamaye kwa mbali huona vidole tu, lakini msukaji anahesabu muda wote: majani mangapi yapita juu, mangapi yapita chini, na ua litarudi baada ya mapito mangapi. Akikosa hesabu mahali pamoja, ua zima laharibika, naye hana budi kufumua.

Wako wataalamu waliolitambua jambo hili. Paulus Gerdes, mwalimu wa hesabu aliyefanya kazi miaka mingi nchini Msumbiji na kufariki mwaka 2014, alivichunguza vikapu viitwavyo sipatsi, ambavyo husukwa katika jimbo la Inhambane, akaandika vitabu juu ya hesabu zilizomo katika maua yake. Basi mtoto asemaye kwamba hesabu hazimwingii, na apewe ukili kwanza, apange ua lake mwenyewe. Tena kikapu chenyewe kina kazi: tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania, na kikapu kimepata heshima mpya sokoni. Liko na fundisho la tabia pia. Mkeka haunakiliwi kutoka kwa jirani usiku wa kuamkia mtihani. Hukua kidogo kidogo, kwa saburi ya mwenyewe.

Jambo la tatu ni kitabu, na hapa ndipo penye ugomvi zaidi. Tumeijua nyumba moja ambayo baba alimnyang'anya kijana wake kitabu cha hadithi, akakifungia sandukuni, akasema, "Hiki hakimo katika mtihani." Kijana hakubisha. Jioni zote alikaa na daftari mbele ya baba yake, macho juu ya karatasi, moyo mbali. Likizo iliyofuata hakuja na kitabu chochote, na baba akaona ameshinda. Kisha kikawa kikao cha ukoo, kijana akapewa muhtasari wa kikao kilichopita awasomee wazee. Akausoma kama mtu ahesabuye mawe, neno moja moja, hata wazee wakashindwa kujua sentensi yaanza wapi na kuishia wapi. Baba aliinama.

Usiku ule mama akasema, "Baba watoto, lifungue lile sanduku." Kitabu kikatoka. Mama akamwomba kijana asome kwa sauti, yeye akichambua mchicha na wadogo zake wakisuka. Usiku wa kwanza alisoma kwa kukwama. Wa pili afadhali. Usiku wa tatu baba, aliyekuwa ameketi mlangoni kama mtu asiyesikiliza, akauliza, "Na yule aliyepotea, walimpata?"

Wala jambo hili halikuonekana katika nyumba hiyo moja tu. Mwaka 2000 shirika la OECD liliwapima kusoma wanafunzi wa miaka 15 katika nchi 32, nyingi za Ulaya, na matokeo yakachunguzwa sana. Wanafunzi ambao kazi za wazazi wao zilikuwa za chini, lakini wao wenyewe wanapenda sana kusoma, waliwashinda wenzao wa wazazi wenye kazi kubwa ambao kusoma hawakupendi. Nchi zile si kama zetu, lakini neno lile latupa moyo sisi tusio na mali nyingi: upendo wa kusoma haununuliwi kwa cheo cha baba.

Tena hadithi si mgeni katika vitabu vya Kiswahili. Askofu Edward Steere alipokusanya ngano zilizosimuliwa Unguja na kuzipiga chapa London mwaka 1870, kitabu chake kilikuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza vya lugha yetu. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla alitoa Mzimu wa Watu wa Kale, kisa cha upelelezi ambacho watu walikisoma kwa hamu tu, bila kulazimishwa. Na Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alikuwa karani wa serikali, hakupata chuo kikuu. Lakini leo wenye shahada kubwa huvisoma vitabu vyake ili wajifunze Kiswahili. Watoto wetu wa sekondari hufundishwa kwa Kiingereza mchana kutwa. Kama hawasomi hadithi za Kiswahili nyumbani, watasoma lini lugha yao wenyewe?

Haya, yafaa tufanyeje? Kwanza, kazi zigawanywe kwa haki. Tumeona nyumba ambazo msichana hupika na kuosha vyombo hata usiku, na kaka yake amelala akisoma. Huko si kulea, ni kudhulumu mmoja kwa ajili ya mwingine. Siku moja apike kijana, asome dada, kesho wabadilishane.

Pili, marudio ya masomo yawe na saa zake, na baada ya hapo mtoto aachwe achague kitabu chake mwenyewe. Akimaliza asiulizwe maswali kama ya mtihani. Aulizwe tu, "Kilikupendeza wapi?" Na simu iwekwe mbali saa hiyo, ya mtoto na ya mzazi pia.

Tatu, twawaomba waalimu wavifungue vitabu vya kabatini wakati wa likizo, waandike majina daftarini, wawape watoto waende navyo. Twajua hofu yenu ni vitabu kupotea. Lakini heri kupotea kimoja kwa kusomwa kuliko hamsini kuliwa na mchwa kabatini. Walio karibu na mji waende maktaba. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967, na mikoani nako ziko maktaba.

Mtihani una siku yake, nao hupita. Baada yake mtoto atakuwa mtu mzima mwenye nyumba, nayo itataka chakula kilichopikwa vema, mikono isiyoogopa kazi, na mtu awezaye kusoma barua, mkataba na maelezo ya dawa, akaelewa. Hayo yote huanza likizoni, kando ya jiko. Basi wazazi, likizo ijayo tusiwaulize watoto wameshika nafasi ya ngapi tu. Tuwaulize pia wamepika nini, wamesuka nini, na kitabu gani kimewakesha.