Kabla ya Kuiamini Hesabu: Masharti ya Kipimo cha t katika Utafiti wa Darasani

Wanachuo warudipo kutoka mazoezi ya kufundisha, wengi huleta ripoti za utafiti mdogo walioufanya shuleni. Mwanachuo huchukua mikondo miwili ya darasa moja, akaufundisha mmoja kwa njia iliyozoeleka na wa pili kwa njia mpya. Kisha hutoa mtihani, hutafuta wastani wa kila mkondo, na kwa kipimo cha t huamua kama tofauti iliyoonekana yaweza kuwa ya bahati tu. Aghalabu hesabu yenyewe haina kosa. Lakini aulizwapo amejuaje kwamba kipimo hicho kinazifaa alama alizo nazo, hunyamaza.

Niliwahi kuipa alama ya juu ripoti ya namna hiyo. Baadaye nikatambua kwamba mkondo uliofundishwa kwa njia mpya ulikuwa wa wanafunzi waliochujwa kwa ubora wa alama zao tangu mwanzo wa mwaka. Hesabu ilikuwa safi, na uamuzi haukuwa na thamani. Kosa lilikuwa langu pia, kwa kuwa sikuuliza. Makala haya yanakusudia kueleza maswali yanayopasa kuulizwa, maana uamuzi wa utafiti ukiaminiwa, watoto ndio watakaofundishwa kwa mujibu wake.

Masharti matatu

Msingi wa kipimo cha t uliwekwa na William Sealy Gosset, mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, aliyeuchapisha mwaka 1908 kwa lakabu ya Student. Kinapotumiwa kulinganisha makundi mawili, kipimo hiki hutaka mambo matatu:

(a) kila alama iwe huru, yaani isitegemee alama nyingine;
(b) alama za kila kundi zitawanyike kwa umbo la kengele: nyingi ziwe karibu na wastani, na chache ziwe mbali nao, juu na chini;
(c) mtawanyo wa alama uwe sawa katika makundi yote mawili.

Sharti moja likivunjwa, kanuni haitoi onyo. Mizani mbovu nayo haikatai kupima.

Sharti la uhuru

Hili ndilo sharti zito kuliko yote, nalo haliwezi kuchunguzwa kwa kuzitazama alama peke yake. Huchunguzwa kwa kuuliza alama zilipatikanaje. Wanafunzi wa mkondo mmoja wana mwalimu mmoja na kipindi kimoja. Pengine wawili huchangia kitabu. Kwa hiyo alama zao hufanana kuliko alama za wanafunzi waliookotwa huku na huku.

Tuchukue mfano. Mikondo ina wanafunzi 45 kila mmoja, na kiwango cha kufanana ndani ya mkondo ni 0.1 tu. Twazidisha 44 kwa 0.1, twaongeza 1, twapata 5.4. Tukigawa wanafunzi wote 90 kwa 5.4, twapata takribani 17. Maana yake, wanafunzi 90 wametupa habari sawa na watu 17 walio huru, ilhali kipimo cha t kimehesabu kana kwamba wote 90 ni huru. Tena, kila njia ikifundishwa katika mkondo mmoja tu, hakuna hesabu iwezayo kutenganisha nguvu ya njia na nguvu ya mwalimu au ya darasa lenyewe. Dawa ni kutumia mikondo kadhaa, kuigawa kwa kura, na kuuhesabu wastani wa kila mkondo kuwa ndiyo alama moja.

Funzo kutoka Lanarkshire

Namna ya kugawa makundi ina uzito kama idadi ya watoto. Mwaka 1930, katika wilaya ya Lanarkshire huko Uskoti, watoto wapatao 20,000 wa shule 67 walitumiwa katika jaribio la maziwa. Nusu yao walipewa maziwa kila siku ya shule kwa miezi minne, na nusu hawakupewa. Wote walipimwa urefu na uzito mwanzoni na mwishoni.

Mwaka uliofuata Gosset alilikosoa jaribio hilo. Watoto walichaguliwa kwa kura au kwa mpangilio wa majina, lakini walimu waliruhusiwa kubadilisha baadhi yao pale kundi lilipoonekana kuwa na wengi mno walioshiba au waliodhoofu. Yaelekea huruma iliwaongoza kuwapa maziwa watoto maskini, kwani mwanzoni kundi lisilopewa maziwa lilikuwa refu na zito zaidi. Tena watoto walipimwa wakiwa wamevaa nguo, wakati wa baridi na tena wakati wa joto. Mtoto mwenye nguo nzito za baridi alionekana kupungua uzito kuliko maskini asiyekuwa nazo. Gosset alieleza kwamba jozi 50 za mapacha wa kufanana zingetoa jibu la kutegemewa zaidi kwa gharama ndogo sana. Wingi wa watoto haukuziba ufa ulioingia katika kugawa makundi.

Umbo la mtawanyo

Sharti la pili huchunguzwa kwanza kwa macho. Chora nguzo za alama za kila kundi. Mwaka 1973 F. J. Anscombe alionyesha mafungu manne ya takwimu yenye wastani na mtawanyo unaolingana, lakini michoro yake ilitofautiana kabisa. Mtihani ukiwa rahisi mno, utaona alama zimerundikana juu, karibu na 20 kati ya 20. Hiyo si kengele.

Kuna pia kipimo cha Shapiro na Wilk cha mwaka 1965, lakini kitumiwe kwa hadhari. Kundi likiwa dogo, huweza kupitwa na kasoro kubwa. Likiwa kubwa sana, hulalamikia kasoro isiyo na madhara. Makundi yakiwa makubwa kiasi, kipimo cha t huvumilia kasoro ndogo za umbo. Zikizidi, kipo kipimo cha Mann na Whitney cha mwaka 1947, kinachotumia nafasi za wanafunzi badala ya alama zenyewe. Lakini nacho hudai uhuru wa alama.

Usawa wa mtawanyo

Sharti la tatu huleta hatari hasa makundi yakitofautiana kwa idadi. Kundi dogo likiwa ndilo lenye mtawanyo mkubwa, kipimo cha kawaida hutangaza tofauti mara nyingi kuliko ipasavyo. Dawa nyepesi ni kutumia tangu mwanzo kipimo cha Welch cha mwaka 1947, kisichodai usawa huo.

Hitimisho

Wakufunzi wenzangu, napendekeza kila ripoti ya mwanachuo iwe na ukurasa mmoja kabla ya hesabu. Aeleze humo makundi yaligawanywaje, nani alifundisha na saa ngapi. Achore alama za kila kundi. Ataje idadi na mtawanyo wake. Ukurasa huo ukikosekana, ripoti irudishwe kabla hatujaisoma hesabu.