Batian, Mwaka 1899

Sikilizeni, wajukuu. Ukisimama Gatitu asubuhi kabla mawingu hayajapanda, unaziona ncha mbili za Mlima Kenya zimesimama bega kwa bega: Batian, mita 5,199, na Nelion, inayopungukiwa na mita 11 tu. Wazee wetu waliuelekea mlima huo walipoomba, kwa kuwa Kirinyaga, kama walivyouita, ni makao ya Ngai, yaani Mungu. Hawakuwa na haja ya kwenda kusimama kileleni.

Huko Ulaya, kupanda milima kulikuwa mchezo wa kushindania. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walikuwa wamefika juu ya Kilimanjaro mwaka 1889. Miaka 10 baadaye mwalimu wa jiografia wa Oxford, Halford Mackinder, akaja kuutafuta ushindi kwetu. Reli ilikuwa imefika Nairobi Mei 1899, na mwezi Julai akaondoka hapo na Wazungu wenzake 5, Waswahili 66, Wamasai 2 wa kuonyesha njia na Wakikuyu 96.

Hesabuni wenyewe: kila Mzungu mmoja alikuwa na Waafrika 27 na zaidi. Hao ndio waliobeba mizigo, tena wakipita katika nchi iliyojaa njaa na maradhi. Mwenye ghala tupu atauzia msafara chakula gani? Baadhi ya wapagazi wakaiba vijijini, wenyeji wakawaka hasira, na watu wawili wa msafara wakauawa. Ikabidi mtu atumwe hadi Naivasha kuomba msaada. Vitabu hupenda kuliruka jambo hili na kukimbilia kileleni. Mimi siliruki, maana bila wapagazi hao mchezo usingeanza.

Juu walipanda watatu: Mackinder, na César Ollier na Joseph Brocherel, waongozaji wa milimani kutoka Courmayeur, Italia. Agosti 30 walijaribu upande wa kusini-mashariki. Walibakiza mita zisizofika 100 kuifikia ncha ya Nelion, giza likaingia, wakarudi. Septemba 11 Ollier na Brocherel walijaribu wenyewe, dhoruba ya theluji ikawarudisha.

Msaada ulipofika kutoka Naivasha, wakafunga safari tena. Walivuka barafuto ya Lewis, yaani barafu nene iliyolala mlimani mwaka nenda mwaka rudi, wakakwea ukuta wa Nelion na kulala huko huko kwenye mawe. Kulipopambazuka wakaikabili barafu ya juu, ngumu kiasi kwamba waliiita Diamond, almasi. Huwezi kukanyaga tu hapo ukapita. Unapiga shoka, unachonga kidato kimoja, unaweka mguu, ndipo uchonge cha pili. Mwenzako yuko nyuma kwenye kamba ile ile. Ukiteleza, mzigo ni wake pia. Saa sita mchana, Septemba 13, wakasimama juu ya Batian.

Mackinder alizipa ncha hizo mbili, na ya tatu iliyo chini yao, majina ya watu wa Kimasai: Mbatian aliyekuwa laiboni mkuu, yaani kiongozi wa kiroho, Nelieng nduguye, na mwanawe Lenana. Nelion yenyewe ilisubiri hadi Januari 1929, Eric Shipton na Wyn Harris walipoipanda. Na usiku wa uhuru, Desemba 1963, Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya juu ya Lenana, mita 4,985. Huko hata nyinyi mtafika kwa miguu, bila kamba, mkianza mazoezi mapema na kupanda polepole.