Ubongo ulioumia hujifunza tena

Katika familia nyingi zilizokimbia vita kuna mtu aliyepigwa kichwani. Kidonda kimepona, lakini yeye si kama zamani. Mkono mmoja haunyanyuki, anasahau alichotumwa, anakasirika upesi. Majirani husema amelogwa, au ni mvivu. Mara nyingi ni ubongo ulioumia.

Ubongo ndio unaoamuru viungo. Sehemu iliyokufa haifufuki, ila sehemu nzima zinaweza kujifunza baadhi ya kazi zake, polepole, kwa kurudia tendo lile lile mara mamia. Na kurudia huko kunachosha.

Kwa sababu hiyo, katika nchi zenye uwezo wataalamu wameanza kutumia kile kinachoitwa uhalisia ulioongezwa. Mgonjwa anatazama meza yake ya kweli kwa miwani yenye kompyuta ndani, au kwenye tableti. Mashine inaongeza picha ya kikombe ambacho hakipo. Ananyoosha mkono akishike, mashine inapima mkono ulipofika, kisha inamsogezea kikombe mbali kidogo. Zoezi linakuwa kama mchezo. Lakini vifaa ni ghali, na bado anahitajika mtaalamu wa kumwongoza.

Hata hivyo, kuufundisha ubongo kwa njia ya macho kulianza na kioo cha kawaida cha kujitazamia. Katika miaka ya 1990, Vilayanur Ramachandran alikitumia Marekani kwa watu waliokatwa mkono ambao bado waliusikia ukiuma. Mwaka 1999 Eric Altschuler na wenzake walieleza jinsi walivyokijaribu kwa waliopooza kwa kiharusi. Mwaka 2018 watafiti wa Cochrane walikusanya majaribio 62 yenye wagonjwa 1,982 wa kiharusi, wakaona kwamba kioo kinasaidia viungo kusogea. Hao hawakuwa majeruhi wa vita, kwa hiyo mwenye jeraha la kichwa amwulize kwanza daktari.

Kioo husimamishwa mezani katikati ya mikono miwili. Mkono mgonjwa unakaa nyuma yake, ule mzima mbele. Mgonjwa anatazama kioo huku akifunga na kufungua ngumi, na macho yanaona kana kwamba mikono yote miwili inafanya kazi. Nusu saa kwa siku inatosha. Akisikia kizunguzungu, aache.

Hasira na usahaulifu haviponi kwa kioo. Mwambieni jambo moja moja, mahali pasipo kelele. Nanyi viongozi wa kambi, mkiletewa kesi ya mtu mgomvi, ulizeni kwanza kama aliwahi kuumia kichwa, kabla ya kumfukuza au kumtoza faini.

Na aliyeumia kichwa akianza kutapika, kupata degedege, kuumwa kichwa kunakozidi, au kusinzia asiamshike, apelekwe hospitali saa ile ile.